Mwombeeni mtoto kwa kalamu

Wanangu, wazazi wa Kisauni, Likoni, Changamwe na Mji wa Kale hapa Mombasa,

Nawasikia arusini na matangani mkinong'onezana. Huyu wa kwake ana miaka sita na hajaunga maneno matatu. Yule mwalimu kamwambia mtoto hatulii, hashiki penseli, wenzake wote wamemwacha. Kisha mnanyamaza, mnasema akikua ataacha. Wengine mmemnywesha kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa. Mimi sikatazi dua, nami namwombea mjukuu wangu kila alfajiri. Lakini aliyeomba dua bado ana miguu ya kwenda ofisini.

Nilifundisha shule ya msingi miaka 31. Kuna mtoto nilimkalisha nyuma ya darasa mwaka mzima nikimwita mvivu. Alipokuja kupimwa masikio, alikuwa hanisikii. Jambo hilo sijalitua mpaka leo. Ndiyo maana nawasihi: kabla mtu hajambandika mwanao jina lolote, usonji au uzito wa akili, masikio na macho yake yapimwe hospitali.

Kisha ulizeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kilipo kituo cha tathmini ya elimu. Vituo hivi vilianza nchini Kenya mwaka 1984, na bado nakutana na wazazi hawajapata kuvisikia! Mtoto huangaliwa anavyosema, anavyocheza, anavyoshika vitu, na mama huulizwa tangu mimba. Chukueni kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na madaftari yake ya shule, hata yale yaliyojaa michoro mitupu, kwa maana hayo husema mengi. Wakimaliza huandika ripoti ya kupendekeza asome wapi: darasa la kawaida akisaidiwa, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu. Msitoke bila nakala.

Sasa shule yenyewe, na hapa ndipo wengi mnapopotea. Mama wa mjukuu wangu alikwenda mara tatu akazungumza na walimu pale getini. Kila mara akaambiwa, "Tutaona, mama." Muhula ukaisha. Tulipouliza, hakuna aliyekumbuka alichoombwa. Mara ya nne tulikaa mezani tukaandika barua: tarehe, jina la mtoto na darasa lake, anachoshindwa, anachokiweza, na tunachoomba. Nakala mbili, moja ikapigwa muhuri ikarudi nyumbani. Wiki hiyohiyo tuliitwa.

Maneno ya barua hiyo yana uzito wake. Msiandike "mwanangu ni mgonjwa, naomba mumvumilie." Sisi tuliandika: "Akiambiwa mambo matatu kwa pamoja hukwama, akiambiwa moja moja hulifanya. Tunaomba akae mbele, na aandikiwe mpango wa masomo wake mwenyewe, nasi tuitwe kuupitia kila muhula." Mwalimu akisoma hivyo anapata pa kushika. Nanyi mkumbukeni, ana watoto tele mbele yake. Mwendeeni kwa heshima, mwambieni na nyumbani mnafanya nini.

Mkiambiwa shule haina nafasi ya mtoto kama huyu, msiondoke mkilia. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinamtaja mwenye ulemavu kwa jina. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumzuia asiingie. Mtihani ni wa kujua tu awekwe darasa gani. Ombeni jibu la kukataliwa kwa maandishi, kisha mlipeleke ofisi ya elimu.

Akina baba, nanyi nawaambia. Mama peke yake huonekana ana wasiwasi mwingi. Siku ya kikao fungeni duka kwa muda wa saa mbili tu mkakae naye. Na sisi mabibi tuache kumwuliza mkwe alikula nini alipokuwa na mimba. Ameshajiuliza usiku kucha.

Mimi huwa nyumbani baada ya sala ya alasiri. Asiyejua aanzie wapi aje na kalamu na madaftari ya mtoto, na mtoto mwenyewe aje naye. Barua ya kwanza tutaiandika pamoja.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu