Martin wa Porres hakuwa padri

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile makala yenu kuhusu Mtakatifu Martin wa Porres imenishinda. Mmeandika "Padri Martin" mara tatu! Martin alikuwa bruda jamani, mtawa asiye padri, mkiliondoa hilo habari yake yote imekwisha. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi aliyetoka utumwani, baba Mhispania, na kule Lima, Peru, sheria za enzi hizo zilikataza mtu wa damu yake kupokelewa kama mtawa kamili. Ndio maana alipoingia kwa watawa wa shirika la Wadominiko akiwa na miaka 15 aliingia kama mtumishi, kufagia na kufua, na kwa vile alishajifunza ukinyozi, na vinyozi wa wakati ule ndio waliokuwa wanafunga vidonda na kuumika watu, akakabidhiwa wagonjwa. Nadhiri kaja kuruhusiwa kuweka 1603, na bruda akabaki mpaka anakufa 1639.

Mama yangu alilazwa hospitali moja ya misheni, kidonda cha sukari mguuni, harufu mpaka wenzake wodini wanageukia ukutani. Bruda mmoja mtu mzima alikuwa anakuja usiku na beseni la maji ya chumvi, kandambili miguuni, mikono ya kanzu kaikunja hadi kwenye viwiko, anaosha taratibu huku anamuuliza mama habari za mahindi yake shambani. Siku wajomba walipokuja wakasimama wote, Tumsifu Yesu Kristo padri, yeye akasema mimi ni bruda, basi mjomba mkubwa akarudi kukaa, "aah, kumbe bruda tu." Bruda tu! Mtu anashika usaha wa dada yako kwa mikono yake, wewe hata shuka lake moja hujawahi kulifua, halafu unamwambia tu, na yule mzee kainama anaendelea kuosha kama hajasikia, na mimi mtoto wa mgonjwa nikanyamaza, na kule kunyamaza kunaniuma mpaka leo.

Na picha zenu ni hivyo hivyo, hospitali ikizinduliwa tunaonyeshwa waliokata utepe, majina na vyeo vyao, anayepiga deki wodini hana jina.

Naomba tarehe 3 Novemba, sikukuu yake, mumweke ukurasa wa mbele na ufagio wake mkononi, chini muandike BRUDA kwa herufi kubwa. Nitanunua nakala mbili, moja nampelekea mjomba.

Msomaji wenu wa siku nyingi