Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nianze na ya utawala, maana ni mafupi. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma baada yangu. Ada zinasuasua, wanaodaiwa wanajijua. Darubini yetu ni nzima, ila stendi yake inahitaji fundi.

Mada yetu ya mwaka ilikuwa milipuko ya miale ya gama, yaani mimweko mifupi ya mionzi yenye nguvu kubwa inayotufikia kutoka angani, na hasa jinsi umbali wake unavyopimwa. Swali hilo liliwasumbua mabingwa wenyewe. Setilaiti za Vela za Marekani zilianza kuinasa milipuko hiyo mwaka 1967, lakini mwaka 1995 Bohdan Paczyński na Donald Lamb walikuwa bado wakibishana hadharani mjini Washington. Paczyński alisema inatoka mbali sana, kwenye galaksi nyingine. Lamb alishikilia kuwa iko pembezoni mwa Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe. Miale yenyewe hudumu sekunde chache na haiji na alama yoyote ya umbali.

Ubishi ulimalizwa na mlipuko wa tarehe 8 Mei 1997, GRB 970508 (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha milipuko hii, na tarakimu ni mwaka, mwezi na siku). Ulinaswa na BeppoSAX, setilaiti ya Waitalia na Waholanzi. Hapa wenzetu wa Pwani wana haki ya kutamba: setilaiti hiyo ilizunguka karibu na ikweta, na data zake zilipokelewa Malindi kabla ya kupelekwa Roma. Mahali pa mlipuko palipojulikana, wanaastronomia waliuona mng'ao uliobaki, na tarehe 11 Mei Mark Metzger na wenzake wakauelekezea darubini ya Keck, Hawaii.

Mng'ao huo ulipotawanywa katika rangi zake, yaani spektra, ulionyesha mistari myeusi iliyoachwa na gesi ya chuma na magnesi njiani. Tulifanya hesabu hii kikaoni kwa kikokotoo cha simu. Magnesi hufyonza mwanga kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 279.6 na 280.3, mistari miwili iliyokaribiana kama pacha. Kwenye spektra hiyo pacha hao walikuwa karibu na 513.1 na 514.4. Gawanya, unapata 1.835 kote kuwili. Toa moja, inabaki 0.835. Hicho ndicho kipimo cha jinsi mawimbi ya mwanga yalivyorefushwa na kutanuka kwa ulimwengu: kikiwa kikubwa zaidi, mwanga umetoka mbali zaidi. Kutoka kwenye gesi hiyo hadi kwetu, mwanga huo ulisafiri takriban miaka bilioni 7.

Mwanachama mmoja aliuliza: je, kama gesi hiyo ni ya galaksi iliyopitwa njiani tu? Kwangu hilo ndilo swali bora la mwaka. Ni kweli, mistari hiyo inathibitisha tu kwamba mlipuko hauko karibu zaidi ya hapo. Kikomo cha upande wa pili kilitokana na kisichoonekana: kipimo cha mlipuko kingezidi 2.3, haidrojeni ya angani ingeacha msururu wa mistari yake, nayo haikuwepo. Kwa vyovyote vile, Njia Nyeupe ilikuwa imetoka kwenye orodha.

GRB 090423 wa mwaka 2009, wenye kipimo cha 8.2, tuliugusa juu juu, muda ulituishia.

Kamati inapendekeza mwaka ujao tuanze na GRB 221009A. Huo ulikuwa mkali kupita kawaida, na kipimo chake ni 0.151 tu. Pendekezo hilo, pamoja na fedha za stendi, yanahitaji kura zenu leo.

Naomba kuwasilisha.