Vitenzi vya Kiingereza havifundishwi kwa safu mbili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wenzangu wanaofundisha Kiingereza jioni hapa Arusha, hasa tunaopokea wanafunzi Wachina wanaofanya kazi madukani na katika miradi ya ujenzi.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, muuzaji wa vipuri, alimwagiza kijana wa dukani kwake "open the light". Kijana akapanda juu ya stuli, bisibisi mkononi, akaanza kuifungua taa kutoka darini, ilhali aliyemwagiza alitaka iwashwe tu. Walionisimulia walicheka, mimi niliumia, kwa kuwa kosa lile halikutokana na uzembe. Kichina kina kitenzi "kai", ambacho hutumika mtu anapofungua mlango, anapowasha taa, anapoendesha gari na anapofanya mkutano, na hata ua likichanua husemwa kwa hicho hicho. Kituo alichosoma kabla ya kuja kwangu kilimpa daftari lenye safu mbili, "open" huku na "kai" kule, basi. Hakuna aliyemweleza kwamba Mwingereza hutumia "open" kwa mlango, duka na akaunti ya benki, lakini kwa taa husema "turn on", na kwa gari "drive".

Na sisi tusijione tumesalimika. Kichina hutumia kitenzi "jie" kwa anayechukua na kwa anayetoa, kama tunavyotumia kuazima, ilhali Mwingereza husema "borrow" kwa anayechukua na "lend" kwa anayetoa, na ndiyo maana watoto wetu shuleni hukosea na kusema "borrow me a pen" bila kusita. Mgeni naye akikutana na kufunga mlango, kufunga ndoa, kufunga safari na kufunga bao, atahitaji uvumilivu uleule tunaomnyima sasa.

Ninachoomba ni kitenzi kifundishwe pamoja na vitu vinavyoandamana nacho. Darasani kwangu naandika ubaoni mlango, taa, gari na mkutano, kisha wanafunzi wanatafuta kitenzi cha kila kimoja kwa Kichina, Kiingereza na Kiswahili. "Open" pekee ilituchukua vipindi viwili, nami sivijutii. Wenye vituo wanaodai vitenzi mia kwa mwezi wakubali vipungue, ili muuza duka aweze kuagiza taa iwashwe, na ikawashwa.

Mwalimu wa lugha,
Sakina, Arusha.