Redio inazima ukibonyeza kuongea? Tazama konekta kwanza

Malalamiko tunayoyasikia zaidi hapa karakana kwetu Arusha ni haya: redio inapokea vizuri kabisa, lakini mwenyewe akibonyeza kitufe aongee, mwanga wa kioo unafifia, au redio inazima na kuwaka tena. Wengine wanakuja wakiwa wameshaambiwa redio imekufa. Mara nyingi redio ni nzima, ila umeme haufiki.

Redio ya HF (mawimbi mafupi) ya wati 100, kama zile za watu wa redio za ridhaa, wanaoongea hewani kwa kupenda tu, ikipokea inakula ampia moja hivi. Ikirusha, inavuka 20. Icom IC-7300, kwa mfano, inafika 21. Inataka volti 13.8, na kiwanda kinaruhusu ipungue au izidi kwa asilimia 15, kwa hiyo chini ya volti 11.7 usiilaumu. Sasa chukua waya wa 2.5 (milimita za mraba), ule wa soketi za nyumbani, uuvute mita 3 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo hesabu mita 6. Kwa ampia 21 unapoteza karibu volti 0.9 njiani: betri ina 12.5, redio inaona 11.6. Ukifunga waya wa 4, unapoteza kama 0.6, na redio inafanya kazi.

Hapo tumehesabu shaba safi. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, na upinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, usiununue kwa kazi hii, hata ukiwa nusu bei.

Waya ukiwa sawa, kinachobaki ni kiungo. Konekta iliyofungwa vibaya, yenye upinzani wa omu 0.05 tu, ikipitisha ampia 21 inakula volti nzima na kutoa joto la wati 22. Joto hilo lote liko ndani ya kiplastiki cha ukubwa wa ncha ya kidole. Ndiyo maana tunaletewa konekta zilizoyeyuka.

Sisi tunafunga konekta za Anderson Powerpole, kwa sababu hazina dume wala jike: kebo yoyote inaingiana na nyingine. Temino zake, yaani vipande vya chuma vinavyoshika waya, za ampia 15, 30 na 45 zote zinakaa kwenye plastiki ileile, na hapo ndipo watu wanapoponzwa, wanachukua iliyo karibu. Waya wa 4 unataka temino ya 45. Tumeshafungua kebo tukakuta fundi amekata nyuzi kadhaa ili waya uingie kwenye temino ndogo. Huo si waya wa 4 tena.

Jambo tunalobishana nalo sana na mafundi wenzetu ni risasi ya kulehemu. Wengi wanapaka risasi kwenye nyuzi kwanza, halafu wanabana. Risasi ni laini. Ikikaa chini ya mgandamizo inajisogeza polepole, kiungo kinalegea, na joto linaanza. Isitoshe, risasi inapanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, na kwenye gari linalopita barabara za vumbi na mawe waya unakatikia palepale ugumu unapoishia. Nyuzi zibaki kavu, zibanwe kwa plaizi maalumu ya temino hizo, si plaizi ya kawaida inayozilaza bapa. Kisha tunasukuma temino ndani ya plastiki mpaka ilie "tik", na tunauvuta waya kwa nguvu. Isipolia, haijakaa, na ukichomeka itarudi nyuma.

Mpangilio wa rangi usibuni wako. Tazama upande wa kuchomekea, ulimi wa plastiki ukiwa chini: nyekundu kushoto, nyeusi kulia. Ndio mpangilio wa ARES, mtandao wa dharura wa watu wa redio za ridhaa Marekani, na watu wengi wanaufuata. Ukigeuza, konekta itaingia kwenye ya mwenzako bila kugoma huku chanya imekutana na hasi.

Kabla hatujakukabidhi kebo, tunaipitishia mzigo kamili na kupima kila kiungo kwa mita. Kikila zaidi ya milivolti 50, tunakikata na kufunga upya kwa gharama yetu.

Ukija, njoo na redio au utuambie modeli yake, na upime umbali kutoka kwenye betri kwa kufuata njia ambayo waya utapita, si mstari ulionyooka. Fyuzi tunaiweka karibu na betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote. Tukikuta fyuzi imezungushiwa waya, tunaibadilisha kabla ya kugusa kitu kingine.