Saa za nyota zihesabiwe kwa longitudo zetu

Mhariri,

Taarifa za anga zinazochapwa katika magazeti yetu mara nyingi husema tu kwamba Msalaba wa Kusini utakuwa juu kabisa saa tatu usiku, bila kutaja ni saa tatu ya mji gani. Saa za ukutani za Dar es Salaam na Kigoma ni moja, lakini longitudo zao zinapishana kwa nyuzi 9.65, na kila nyuzi ya tofauti hiyo inaonekana angani: nyota iliyo juu Dar es Salaam itachukua karibu dakika 39 kufika mahali hapohapo kwa mtu wa Kigoma. Anayetega darubini kwa mkono hawezi kuipata kwa taarifa ya namna hiyo.

Dawa ni kugeuza tarehe na saa ya kawaida kuwa saa za nyota za mahali ulipo, yaani saa inayofuata mzunguko wa Dunia ukipimwa kwa nyota, si kwa Jua. Dunia hujizungusha mara moja, ukiipima kwa nyota, kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hiyo saa za nyota huitangulia saa ya ukutani kwa karibu dakika 4 kila siku, au saa 2 kwa mwezi. Kikokotoo cha simu kinatosha kwa hesabu yote.

Tuchukue tarehe 15 Mei 2026, saa 3 usiku, Dar es Salaam. Kwanza tafuta saa ya Greenwich, Uingereza, penye longitudo 0. Kwa saa zetu za Kiswahili, mchana jumlisha 3, usiku jumlisha 15. Saa 3 usiku inakuwa 18. Ukipita usiku wa manane, endelea kushika tarehe ya jioni usiku huo ulipoanza, hata jumla ikizidi 24. Saa 10 usiku ni 25, na hesabu inakubali bila tatizo. Hapa ndipo wengi hukosea: hubadili tarehe saa 6 usiku, wakati Greenwich bado ni tarehe ya jana, na jibu linazidi kwa dakika 4.

Pili, hesabu siku kutoka 1 Januari 2000 hadi tarehe yako, halafu toa nusu, kwa kuwa kipimo kimeanzia adhuhuri ya siku ile. Zipo 9631, zinabaki 9630.5. Zidisha kwa 0.0657098244 (ndizo zile karibu dakika 4 za kila siku, zikiandikwa kwa saa) upate 632.8185. Jumlisha 6.6974, namba ya kuanzia. Kisha zidisha ile 18 kwa 1.00273791, kwa kuwa saa za nyota huenda kasi kidogo kuliko saa ya ukutani, nayo ni 18.0493, ujumlishe pia. Jumla ni 657.565. Ondoa 24 mara 27, inabaki 9.565. Hizo ni saa za nyota za Greenwich.

Mwisho, longitudo. Dar es Salaam iko nyuzi 39.28 mashariki, gawanya kwa 15 upate 2.619, ujumlishe. Jibu ni 12.184, yaani 12 na dakika 11. (Saa za nyota husomwa kuanzia 0 hadi 24, hazina mchana wala usiku.) Acrux, nyota ya mguuni mwa Msalaba, kwenye orodha za nyota za mwaka 2000 imeandikwa 12 na dakika 26.6 (ndizo saa za nyota inapovuka mstari wa kaskazini-kusini), kwa kuyumba kwa mhimili wa Dunia sasa imefika karibu dakika 28. Basi itavuka mstari wa kaskazini-kusini baada ya dakika 17, ikiwa nyuzi 33 na nusu hivi juu ya upeo wa kusini.

Makosa mawili mengine yanastahili kutajwa. Wapo wanaoweka sehemu ya siku ndani ya idadi ya siku, 9631.25 badala ya 9630.5, na bado wakajumlisha saa 18; jibu linapotoka kwa dakika 3. Wengine hutumia longitudo 45 kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imejengwa juu ya nyuzi hizo. Kwa Dar es Salaam hilo ni kosa la dakika 23. Msomaji wa Bujumbura au Kigali ajumlishe saa 1 zaidi kupata saa ya Greenwich, yaani 16 usiku na 4 mchana, kwa kuwa saa yake iko nyuma ya yetu. Saa za ukutani za Bujumbura na Kigoma zinapishana kwa saa nzima, lakini saa zao za nyota zinapishana kwa dakika 1 tu.

Tofauti kati ya saa ya redio na mzunguko halisi wa Dunia haifiki sekunde 1, kwa hiyo darubini ya shule haitaiona.

Ombi letu ni dogo. Kila Jumamosi gazeti lichape namba moja: saa za nyota za Dar es Salaam saa 2 usiku. Kwa kila siku inayofuata msomaji ataongeza dakika 3 na sekunde 56, na kwa kila nyuzi moja kuelekea magharibi atapunguza dakika 4. Walimu wa jiografia na fizikia watakuwa na cha kufanyia kazi na wanafunzi wao usiku uleule.

Wasomaji wako,
Dar es Salaam