Mwalimu wa msingi anahitaji jicho la mwenzake

Mhariri,

Naandika kuhusu mafunzo ya walimu wa shule za msingi. Semina ya siku moja haimkuzi mwalimu. Anayemkuza ni mwenzake mzoefu anayeketi nyuma ya darasa, akaandika anachokiona, kisha wakazungumza bila kuhukumiana.

Mwenzangu alinihesabia: nikiuliza swali, nilisubiri sekunde 1 tu kabla ya kujijibu mwenyewe. Sikuwa na habari! Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba ukisubiri sekunde 3, watoto hutoa majibu marefu zaidi. Nikaanza daftari la tafakari, na leo nami nawaongoza wenzangu.

Wakuu wa shule watenge kipindi kimoja kila wiki kwa kazi hii, na kamwe kisitumike kumpima mwalimu kwa ajili ya cheo.

Mwalimu wa darasa la tatu