Risala ya wanafunzi wa usanifu na usalama wa mitandao ya kompyuta kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakuu wa idara, walimu wetu, wazazi na walezi mliofika, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni wote mnaostahili, na wengine habari za saa hizi.

Kwanza kabisa asante kwa kuja. Mengi umeshayasikia tangu shughuli ianze kwa hiyo hatutakurudisha kwenye historia ya idara, tunaenda moja kwa moja kwenye kile tunachosoma na kile tulichokuja kukuomba.

Mtu akisikia tunasoma mitandao anawaza mitandao ya kijamii, anatuletea simu tumrudishie paswedi. Tunachosoma sisi ni ile njia yenyewe data inapopita. Kompyuta ya huku inaijuaje ya kule, ujumbe unakatwaje vipande vidogo vinavyoitwa paketi, kila paketi inabeba anwani ya inakotoka na inakoenda, rauta, vile vifaa vya kuelekeza njia, zinapokezana mpaka ifike, na ikipotea njiani nani anagundua na nani anaituma tena. Halafu hapo hapo, nani mwingine anaweza kuisoma ikiwa inapita.

Mwanzoni kuna hesabu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Unapewa mtandao mmoja, tuseme 192.168.10.0 wenye anwani 256, unaambiwa ofisi ina makundi manne na hayatakiwi kuchanganyika, yagawie. Unapata sabneti nne, yaani mitandao midogo ndani ya ule mmoja, za anwani 64 kila moja, ila za kuvipa vifaa ni 62 tu kwa sababu ya kwanza ni ya mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Kwa hiyo kwenye sabneti ya pili ukimpa printa anwani inayoishia na 64 au 127 umekosea, unaanzia 65 unaishia 126. Inaonekana kitu kidogo, lakini ule mgawanyo unaochora kwenye karatasi siku hiyo ndio utakaoamua baadaye mwizi akiingia kwenye kompyuta moja anaishia hapo au anatembea nyumba nzima.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hapo ndipo lilipo jambo letu la leo. Usanifu wa mtandao na ulinzi wake ni somo moja, na bado vyuo vingi vinayafundisha kama masomo mawili, unajifunza kujenga kwanza, kulinda unakuja kufundishwa ukikaribia kuondoka. Tukisema hivyo hatuwalaumu walimu wetu, ndivyo intaneti yenyewe ilivyokua. Tarehe 29 Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ulitumwa kutoka chuo kikuu cha UCLA kwenda Stanford Research Institute kule California, walitaka kuandika login, zikafika herufi mbili tu mfumo ukaanguka. Mtandao ule ulikuwa wa watafiti, swali lao lilikuwa utafika au hautafika, sio nani anasikiliza. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia TCP/IP, protokali yaani kanuni za mawasiliano ambazo mpaka leo simu zetu zote zinazitumia, na hali ya kuaminiana bado ilikuwa ile ile. Novemba 1988 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Robert Morris, akaachia programu inayojisambaza yenyewe, maelfu ya kompyuta zikaelemewa, ndipo watu wakashtuka. Tangu hapo ulinzi mwingi umekuwa ni kiraka kinachoshonewa juu ya nguo iliyokwisha kuvaliwa.

Na gharama yake inaonekana. Mwaka 2013 maduka ya Target ya Marekani yaliibiwa taarifa za kadi za malipo kama milioni 40, na wezi hawakupitia mlango mkubwa, walitumia akaunti ya kampuni ya nje iliyokuwa inahudumia mitambo ya majokofu na viyoyozi, wakaingia nayo, wakasogea ndani mpaka kwenye mashine za kulipia. Sasa jiulize fundi wa viyoyozi na mashine ya kadi wanakutana wapi kwenye mchoro wa mtandao? Hawatakiwi kukutana kabisa. Hilo sio swali la antivairasi, ni swali la usanifu, ni zile sabneti na kanuni za faiawoli, ukuta unaochuja kinachopita, katikati yake.

Upande wa pili kuna tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipopotea kwa karibu saa 6 dunia nzima. Hakukuwa na mdukuzi. Ilitolewa amri moja wakati wa matengenezo, ikakata mtandao wao wa ndani, seva zao za DNS, zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani, zikaacha kuitangazia dunia njia ya kuzifikia, na hata zana za mafundi wa kurekebisha nazo zilikuwa zinategemea mtandao ule ule uliokufa. Kwetu sisi usalama ni pamoja na hilo, kwamba huduma ipo pale mtu anapoihitaji, na fundi ana njia nyingine ya kufika akifungiwa ile ya kawaida.

Tunaomba tukuoneshe kitu kimoja kinachofanyika maabara kila mwaka na kinabadilisha watu. Kompyuta mbili, swichi moja, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta, ya tatu imewekwa pembeni, swichi imepangwa kuinakilia kila paketi, inasikiliza kwa Wireshark, programu ya kunasa na kusoma paketi. Mwenzetu anaingia kwenye rauta kwa telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali, anaandika jina na paswedi, na kwenye skrini ya ile ya tatu paswedi inatokea herufi baada ya herufi, kila herufi kwenye paketi yake, wazi kabisa, mtu yeyote anasoma. Kisha anarudia kwa SSH, njia kama hiyo ila inayoficha maandishi, na inabaki takataka isiyosomeka. Darasa zima linanyamaza. Unaweza kufundisha usimbaji wiki nzima kwa slaidi usipate kile dakika hizo zinafanya.

Jingine ni la waya. Unachukua kebo moja unachomeka ncha zote mbili kwenye swichi ile ile, kosa ambalo mfagiaji tu akisogeza meza anaweza kulifanya. Kama kinga imezimwa, taa zote zinaanza kuwakawaka kwa pamoja na baada ya muda mfupi sana mtandao mzima umeziba, kwa sababu fremu za Etheneti, yaani vifurushi vya data vinavyopita kwenye waya, hazina kihesabu cha kuziua, zinazunguka tu na zile za kutangazia wote zinaongezeka. Kinga yake ni spaning trii, kanuni ya swichi kufunga njia inayojirudia, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, na tunalitaja jina lake kwa makusudi kwa sababu mabinti wa idara hii wanaulizwa mpaka leo kama hii fani ni yao.

Sasa maombi yetu mheshimiwa, na tunayasema kwa heshima zote.

Kubwa kuliko yote ni maabara iliyotengwa, yaani mtandao wake usiogusana na wa chuo, wenye swichi, rauta na faiawoli za kushikika hata kama ni zilizotumika. Packet Tracer na GNS3, programu za kuigiza mtandao kwenye kompyuta, zimetusaidia mno na hatuzidharau, ila simuleta haikuonyeshi kebo iliyobanwa vibaya inayopitisha leo kesho inakataa, haikuonyeshi poti ya swichi iliyojaa vumbi inavyochemka, na huwezi kuharibu kitu cha kweli ukakitengeneza chini ya macho ya mwalimu. Mwanafunzi wa ulinzi lazima ashambulie ndio ajue kulinda, na pa kushambulia ni humo tu. Nje ya hapo tumefundishwa, na tunaamini, kwamba hukagui wala huskani mtandao usio wako bila ruhusa ya maandishi, hata kama nia yako ni safi.

Ombi la pili ni fildi. Wengi wetu tukifika huko tunabeba kebo na kubadilisha wino wa printa mpaka muda unaisha. Tunaelewa hofu ya kumpa mgeni mfumo unaofanya kazi, hiyo hofu hata sisi tungekuwa nayo, lakini kuna mengi ya katikati. Mtu anaweza kuonyeshwa konfigi, yaani mipangilio ya vifaa, akasoma tu bila kubadilisha, akapewa kuchora mtandao ulivyo sasa maana ofisi nyingi hazina mchoro unaoendana na ukweli, akapewa kuhakikisha bakapu zinarudi kweli zikirudishwa. Au kukagua apdeti. WannaCry, programu iliyofunga mafaili ya watu na kudai fedha, ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kuvuruga hospitali za Uingereza, dawa ya tundu lile Microsoft walikuwa wameshaitoa Machi, kilichokosekana ni kuiweka. Hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi mwenye subira anaiweza vizuri sana.

La mwisho ni gumu kidogo kulisema. Mwenzetu mmoja akiwa fildi aliona paswedi ya kiwandani haijabadilishwa kwenye kifaa kinachofikika kutoka nje, akamwambia msimamizi siku hiyo hiyo, na badala ya kushukuriwa akaulizwa alikuwa anatafuta nini, akaondolewa kwenye chumba cha seva mpaka fildi ikaisha. Taasisi hatuitaji. Ila tunakuomba wewe unayekaa na wakuu wa taasisi uwaombe wawe na utaratibu ulioandikwa, barua pepe ya kupokelea taarifa za udhaifu, mtu wa kuzisoma, na ahadi kwamba anayeripoti bila kugusa wala kuchukua kitu hatageuzwa mtuhumiwa. Anayeogopa kuripoti atanyamaza, na lile tundu litabaki linamsubiri mwingine ambaye hataripoti.

Meza ya maonyesho ya telnet na SSH imeshaandaliwa maabara, ukipata muda baada ya picha tutafurahi ukija uandike paswedi ya majaribio wewe mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.